Kianzio cha mteja ni amana

Nina cherehani mbili kwenye kibaraza kimoja cha Barabara ya Kumi, Ngamiani, na ninakaa Mikanjuni na wanangu wawili. Nashona magauni, madera na sare za shule. Maisha ya Tanga yamepanda, na kwa miaka mingi nilijua shida yangu ni kipato kidogo. Kumbe kilichokuwa kinaniangusha zaidi ni hela ya kianzio.

Mteja analeta kitambaa cha gauni la elfu thelathini, anatanguliza kumi na tano. Ndani ya hiyo kumi na tano kuna zipu, bitana, uzi na umeme. Mimi jioni ileile napita nayo sokoni, nanunua mchele, nazi na samaki. Siku ya kushona bitana sina, basi nachota kianzio cha mteja mwingine, na yule wa kwanza namwambia njoo kesho. Watu husema mafundi ni waongo. Wangu uongo ulianzia jikoni, kwenye sufuria ya wali.

Ramadhani ya mwaka juzi, kazi zikiwa zimenijaa, ukaingia ujumbe kwamba nimepokea elfu themanini na tano. Dakika haikupita, simu ikaita: "Dada, nimekosea namba, naomba unirudishie, nina mgonjwa hospitali." Sauti ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia. Nikarudisha. Sikuangalia salio. Nilipoangalia, hakuna kilichokuwa kimeingia. Ule ujumbe ulitoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, na nilichomtumia ni vianzio vya wateja wangu.

Siku ya ishirini na saba ya mfungo alikuja bibi mmoja kufuata gauni lake la Idi. Nikaanza hadithi ya umeme kukatika. Akanitazama mpaka nikanyamaza. "Mwanangu, kianzio ni amana. Kama umekila, niambie umekila." Nikamwambia kweli yote. Alifungua fundo la leso, akanipa pesa iliyobaki kabla ya wakati wake, nikashona usiku kucha. Gauni alilivaa. Mimi Idi ile sikuwa na raha.

Baada ya sikukuu nilinunua bahasha. Kila mteja ana yake: jina, kiasi alichotoa, vitu vinavyotakiwa. Zipu na bitana nanunua siku hiyohiyo ninayopokea pesa, kwa sababu hela ikishakuwa zipu hailiwi. Inayobaki haiguswi mpaka nguo ichukuliwe. Miezi miwili ya mwanzo ilikuwa migumu sana, maana vianzio vya zamani nilikuwa nimeshavila na nguo zao bado nilitakiwa kuzishona. Tulikula ugali na dagaa siku nyingi, na wanangu niliwaeleza sababu.

Laini nazo nilitenganisha. Ya kazi inapokea za wateja tu, ya nyumbani inabaki na matumizi. Mtu akinipigia kwamba amekosea namba, namwambia awapigie watoa huduma wake wairudishe wenyewe, kisha naingia *150*00# ya M-Pesa kuangalia salio langu. Ujumbe wa kitapeli naupeleka 15040, namba ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, ya kuripoti matapeli.

Kodi ndiyo iliyonisumbua kichwa zaidi. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo: elfu hamsini mara sita, laki tatu. Zamani nilikimbilia mikopo ya kausha damu, nikawa nalipa marejesho kila siku na deni halionekani kupungua. Sasa kila siku ya kazi natoa elfu mbili kabla sijanunua hata chumvi. Siku ishirini na sita kwa mwezi, miezi sita, inafika laki tatu na elfu kumi na mbili.

Hiyo siiweki kwenye kikoba. Kikoba chetu nakipenda, tunakutana Jumapili, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Lakini hela ya kikoba inakopeshwa kwa wenzako, na siku ya kodi unaweza kukuta sanduku tupu. Kodi naipeleka benki kila Jumamosi, kwenye akaunti ambayo sikuichukulia kadi. Benki nao akiba ya mtu huiita amana, na Bodi ya Bima ya Amana inailinda hadi shilingi 7,500,000 benki ikifilisika. Yangu haijafika hata robo, ila nalala vizuri.

Mengine ni madogo. Nilinunua baiskeli ya mtumba, nikaachana na nauli ya mia sita kwenda na mia sita kurudi. Mji wetu ni tambarare, na mwanamke kuendesha baiskeli Tanga hakumshangazi mtu. Samaki nafuata mwenyewe soko la Deep Sea. Mafuta ya kupima ya kila siku niliacha, nanunua ya mwezi mzima.

Sasa tuko Shaaban, vitambaa vya Idi vimeanza kuingia. Juzi yule bibi kaleta kitambaa cha zambarau, akatoa elfu ishirini, akasimama pale pale mpaka nilipoandika jina lake kwenye bahasha. Ni ya kumi na moja.