Je, kibete hiki bado kinapokea gesi?

Kibete cha kahawia, yaani kiolwa cha angani kilicho kati ya sayari na nyota kwa uzito, kikiwa kichanga, mara nyingi huzungukwa na diski ya gesi na vumbi. Ili kujua kama gesi hiyo bado inakiangukia, angalia kwenye spektra yake (mwanga uliotawanywa kwa rangi) mstari mwekundu wa haidrojeni, nanomita 656.3. Usiishie kwenye nguvu yake. Nyota baridi hutoa mwanga hafifu eneo hilo la spektra, hivyo hata mstari unaotokana na usumaku tu huonekana mkubwa. Mtego huo hunasa wengi. Pima upana wa mstari kwa kipimo cha kasi, maana gesi inayoanguka kwa kasi huutanua, kwenye asilimia 10 ya kimo cha kilele: kwa nyota ndogo, kuzidi kilomita 270 kwa sekunde ni dalili nzuri, kwa vibete, kama 200 hutosha, maana mvutano wao ni mdogo.

Spektrografu, kifaa cha kutawanya mwanga, yenye uwezo wa kutenganisha rangi wa 1,000 haifai kabisa, kwani yenyewe hutanua mstari kwa kilomita 300 kwa sekunde. Tafuta 5,000 au zaidi. Kule Orion, nebula (wingu la gesi) nayo hung'aa kwa mstari uleule. Pima mwanga wa anga pande zote mbili za nyota, karibu nayo, ndipo uutoe. Kisha rudia usiku mwingine, kwa sababu mlipuko wa usumaku huweza kuutanua mstari kwa saa chache.