Nilivyoshughulikia leseni ya kuhariri jeni za muhogo

Mteja wangu huuza pingili za muhogo Kilifi na Kwale. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulikuwa unamwozeshea mihogo ardhini, naye akasikia watafiti wamepunguza makali ya ugonjwa huo kwa CRISPR, mbinu ya kuhariri jeni za mmea. Akaja ofisini hapa Mombasa: "Wakili, niandikie barua Marekani, niombe ruhusa." Kana kwamba ruhusa ni moja!

Barua niliiweka kando. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, hufanya kazi katika nchi ilikosajiliwa tu, kwa hiyo nilianza na KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili hataza, Nairobi, kisha ARIPO, shirika la kikanda la hataza, Harare, maana hataza iliyotolewa Harare yaweza kuwa na nguvu Kenya pia. Nilichokiona ni siri ya mteja.

Upande wa wenye hataza za CRISPR ulikuwa mwepesi kuliko nilivyohofia. Chuo Kikuu cha California na Taasisi ya Broad wamezivutania mahakamani miaka mingi, lakini kwa kilimo, tangu Oktoba 2017 Broad na kampuni ya mbegu ya DuPont Pioneer, ambayo sasa ni Corteva, walikubaliana kutoa leseni kwa pamoja, na DuPont tayari ilikuwa na haki za upande wa California. Utafiti wa vyuo na mashirika yasiyo ya faida ni bure, biashara hulipa. Ndiyo maana nikamshauri mteja aiachie taasisi ya umma kazi ya maabara, yeye aingie wakati wa kuuza.

Kilichonikalisha mezani ni mirabaha, malipo anayopewa mwenye hataza. Mkulima wa Pwani hanunui mbegu kila msimu: hukata pingili shambani mwake, nyingine akampa jirani. Leseni ikihesabu kila upandaji, mteja atadaiwa asichouza. Katika rasimu nikaandika kwamba mirabaha ni ya mauzo ya kwanza peke yake, na hapo sikulegeza.

Kisha usalama wa viumbe. Mwongozo wa 2022 wa NBA, mamlaka ya Kenya ya usalama wa viumbe, unatazama kama jeni ngeni imebaki kwenye mmea, kama ile ya Cas9, mkasi wa CRISPR unaokata jeni. Mahindi huiondoa kwa kuzalishwa tena. Muhogo ukiuchavusha, aina yenyewe inavurugika. Basi nikaongeza sharti katika mkataba na taasisi: wakabidhi mmea usio na masalia ya Cas9, la sivyo awamu ya pili ya malipo haitoki.