Shimo la Magadu

“Mama, mbona udongo wa huku mwekundu hivi?”

Kaniuliza huku akikwangua soli ya kiatu kwenye ukingo wa lami. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, na mawingu yalikuwa bado yameikalia milima ya Uluguru. Jibu fupi nilimpa palepale: ni kutu. Miamba ya mlimani ina madini yenye chuma. Mwamba ukioza, mengine yanachukuliwa na maji, chuma kinabaki, kinakutana na hewa na kugeuka hematiti, kutu nyekundu. Penye maji yasiyotoka utakuta udongo wa kijivu, kwa sababu hewa haifiki, chuma kinayeyuka na kuhama. Jibu refu linaanzia Magadu, hapa Morogoro, kwenye shimo tulilochimba nilipokuwa mwanafunzi, nami nilimwahidi kumsimulia tukipata mahali pa kukaa.

Mji kasoro bahari, Morogoro, umetanuka. Treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, inakushusha Kihonda, na kutoka hapo ni bajaji au daladala hadi mjini. Soko kuu la zamani halipo, limesimama la ghorofa linaloitwa Chifu Kingalu. Huku SUA, chuo kikuu cha kilimo, miti ni ileile. Nyumba ndizo zimekwea vilima, na nyingi ziko mahali ambapo sisi tulijua kama mashamba tu.

Shimo la profaili, yaani la kusomea matabaka ya udongo, lina taratibu zake, na Prof, mwalimu wetu, hakuruhusu hata moja irukwe. Urefu mita 2, upana mita 1, kina mita 1.5 hadi 2, au mpaka mwamba ukukatae. Kwenye mteremko, ukuta utakaosomwa ni wa upande wa juu, na juu yake hapiti mtu wala hapamwagwi udongo. Pakikanyagwa, tabaka la juu linashindiliwa, na chochote utakachopima hapo kitakuwa cha uongo. Udongo mweusi wa juu unarundikwa upande mmoja, wa chini upande mwingine, ili wakati wa kufukia kila mmoja urudi mahali pake. Upande wa pili wa shimo unachonga vidato vya kupandia. Mwisho wa kiangazi pale Magadu jembe halifui dafu: sururu kwanza, koleo baadaye.

Ukuta ukishapatikana, hausomwi ukiwa umelainishwa na koleo. Koleo linapaka udongo, linaziba vitundu na kuficha mizizi. Unauchokonoa kwa ncha ya kisu kutoka juu kwenda chini, udongo umeguke wenyewe, na hapo mipaka ya matabaka inajitokeza. Kisha kitabu cha rangi cha Munsell: bonge dogo linaloweshwa kwa matone hadi rangi iache kubadilika, jua likiwa mgongoni, miwani ya jua ikiwa mfukoni. Sentimita 20 za juu tulisoma 5YR 3/3, hudhurungi ya giza yenye wekundu. Chini yake, hadi miguuni kwetu, 2.5YR 3/6, wekundu wa giza. Chembe za ulanga zilimetameta kila jua lilipougusa ukuta.

Kwenye kupima mfinyanzi kwa vidole ndipo wengi hukwama. Unalowesha, unakanda, unasukuma utepe kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukikatika kabla ya sentimita 2.5, mfinyanzi ni kidogo. Ukipita 5, ni udongo wa mfinyanzi. Lakini udongo wenye chuma kingi hudanganya. Chuma kimegandisha mfinyanzi kuwa punje ndogo, ukiugusa unadhani ni wa mchanga. Lazima ukande dakika moja hadi mbili, punje zivunjike, ndipo utepe urefuke wenyewe mkononi.

Tulikuwa katikati ya kukanda pale bibi mmoja aliposimama ukingoni, ule wa upande wa vidato kwa bahati njema, tenga la ndizi kichwani.

“Shikamoo bibi!”

“Marahaba wajukuu zangu. Kaburi la nani hili?”

Tukamweleza. Alitua tenga, akashuka vidato polepole bila kushikwa mkono, akasimama mbele ya ukuta wetu kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole palepale tulipokuwa tumechora mstari wa kwanza kwa kisu, sentimita 20.

“Chakula kinaishia hapa,” akasema. “Huu wa chini bado mbichi. Waingereza walitulazimisha tukate matuta mlimani, wakautoa huu mbichi nje, wakaufukia ule mzuri chini. Mahindi yakatoka manjano. Mama yangu alilia shambani kwake.”

Prof aliacha alichokuwa akifanya. Akamuuliza kabla ya hapo walikuwa wakilimaje, kwa heshima kama anamuuliza mwalimu wake. Bibi akaeleza: unafyeka magugu, unayapanga mstari kukata mteremko, unavuta udongo wa juu kuyafunika, unashuka hatua moja, unarudia. Majani yanaoza humo humo, maji yanapunguza mwendo. Vingazi vidogo, havifiki kwenye ule mbichi.

Alipoondoka Prof alitueleza historia kwa ufupi. Matuta ya lazima ya Uluguru yalipingwa hadi zikazuka ghasia mwaka 1955, na mpango ukafa. Huko ardhi inafuata ukoo wa mama, kwa hiyo shamba alilolilia yule mama lilikuwa lake kwelikweli. Na sababu ya kitaalamu ndiyo ileile ya kidole cha bibi: rutuba ya mteremko ule imekaa kwenye tabaka jembamba lenye mboji. Ukilizika, unapanda kwenye mfinyanzi mwekundu wenye uchachu na fosforasi iliyofungwa na chuma.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Sampuli huanzia tabaka la chini kabisa kupanda juu, ili udongo unaodondoka usichafue tabaka ambalo bado hujalichukua. Kilo 1 kwa tabaka, lebo mbili, moja ndani na moja nje, kwa penseli. Kundi la jirani walitumia kalamu ya wino. Unyevu ukapenya, maandishi yakachuruzika, wakarudi kuchimba upya.

Fomu yetu ilikuwa na safu ya kina, rangi, umbile, mizizi, mipaka. Maneno ya bibi hayakuwa na safu, na kwenye ripoti hayakuingia. Jioni tulipokaa, mwanangu aliuliza kwa nini. Nikamwambia ripoti hupima vitu vinavyoweza kupimwa tena na mtu mwingine, naye akasema mtu mwingine angeweza kumuuliza bibi tena. Sikuwa na jibu zuri. Fomu ninazotumia kazini sasa nimeziongezea mstari chini kabisa, “maelezo ya mwenye shamba”. Baadhi ya wakubwa wanaopokea ripoti huuacha, wengine huufuta kwa hoja kwamba hauingii kwenye jedwali, na hoja yao naielewa. Kila msimu nauandika tena.