Kunde kwenye nyuzi 40

Tarehe 19 Julai 2022 Uingereza ilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza tangu waanze kuweka kumbukumbu; kituo cha hali ya hewa cha Coningsby kilisoma 40.3. Mimi nilikuwa Chuo Kikuu cha Lancaster, ambako kulikuwa na nafuu kidogo, nimejifungia na miche ya kunde kwenye chumba cha kukuzia mimea. Kunde hizihizi ambazo kwetu tunachuma majani tukaunga kwa nazi. Kule kila chungu kilikuwa na lebo, na jani likikatika sharti uandike.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa kulipasha jani joto. Unalibana likiwa bado kwenye mche, mashine inapima hewa ukaa inayoingia na inayotoka, kisha inakupa tarakimu ya usanisinuru, yaani kasi ya jani kujitengenezea chakula kwa mwanga. Unaanzia nyuzi 25, unasubiri itulie, unapandisha. Kufika 30 kunde ilikuwa haina habari. Ilipopita 35 tarakimu zikaanza kushuka, na kwenye 40 zikaporomoka. Nikafungua kibanio, nikaligeuza jani: kijani kibichi, halijanyauka, halina hata doa. Mkulima angepita kando yake asishtuke.

Nilikuwa nimeshayasoma haya, lakini kuyasoma ni kitu kingine. Rubisko, kimeng'enya kinachokamata hewa ukaa, chenyewe hakivunjiki upesi kwa joto. Kinachowahi kulegea ni msaidizi wake, aktivesi. Kuna sukari fulani hunasa mdomoni mwa Rubisko, na aktivesi ndiye konda anayemshusha abiria aliyeganda mlangoni. Konda akizirai, gari ni zima ila hakuna anayepanda. Tena kadiri joto linavyopanda, Rubisko huzidi kukamata oksijeni badala ya hewa ukaa, na mmea unapoteza nguvu nyingi kusafisha sumu inayotokana na kosa hilo.

Hilo la pili ndilo walilokuwa wakilishughulikia Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiangazi hichohicho. Viazi mviringo vilivyopandikizwa jeni mbili za kufupisha usafishaji huo vilikuwa shambani mawimbi ya joto yalipopita. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa 2024: uzito wa viazi ulizidi ule wa viazi vya kawaida kwa asilimia 30. Lancaster mkazo ulikuwa kwa konda. Mwaka 2020 walikuwa wameonyesha kwamba kwenye aktivesi ya ngano, kubadili asidi amino moja tu, tofali moja la protini hiyo, kunatosha kuiongezea ustahimilivu wa joto.

Mwenzangu mmoja Mkenya aliingia akaitazama grafu yangu. "Haya, dada, mkishazipata hizo kunde za joto, kwenu mtazipanda wapi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Tanzania ilisimamisha majaribio ya mahindi ya uhandisi jeni pale Makutupora mwaka 2018. Kwao Kenya nako marufuku ya 2012 ya vyakula vya namna hiyo ilikuwa bado haijaondolewa. Baraza la mawaziri liliiondoa Oktoba ile, kesi zikafuata. Nigeria ndiyo ilikuwa imekwisha kuruhusu kunde za namna hiyo, ingawa zile ni za kupambana na funza, si joto.

Nikamwambia ndiyo maana naipenda njia ya ngano: unasahihisha herufi iliyomo kwenye jeni ya mmea wenyewe, humleti mgeni. Bado naamini hivyo.

"Kawaeleze hivyo pale Namanga," akasema, halafu akauliza kama nimemaliza na mashine, maana ngano zake zilikuwa zinamsubiri.