Kusimama kwa kiti cha umeme: mwili kwanza, kitufe baadaye

Kiti mwendo cha umeme kinachomsimamisha mtu kikishafika nyumbani, ndugu wote huuliza jambo moja: je, hakitapinduka? Swali ni la haki na tutalifikia. Lakini hatari ya kwanza haiko kwenye magurudumu. Iko kwenye mwili uliokaa miezi, pengine miaka, bila kubeba uzito wake, halafu unanyanyuliwa wima ndani ya nusu dakika kwa kubonyeza kitufe tu.

Vifaa hivi viko vya namna mbili. Kuna kiti mwendo ambacho kikalio na mgongo wake hunyanyuka pamoja na mtu hadi asimame. Na kuna kifaa ambacho mtu hukiingia kwa nyuma, kama Tek RMD kilichobuniwa Uturuki: kinasogezwa hadi kitandani, mkanda unapitishwa nyuma ya nyonga, springi iliyorekebishwa kulingana na uzito wa mtumiaji inambeba, naye anajivuta kwa mikono mpaka asimame. Hii ya pili hupita kwenye milango myembamba kuliko kiti cha kawaida, ila springi yake lazima irekebishwe upya kila mtumiaji anaponenepa au kukonda. Ikiwa legevu, itamwachia ashuke kwa kishindo; ikiwa kali mno, itamrusha juu. Kwa zote mbili kanuni ni ileile: magoti yanazuiwa kwa mbele, nyonga na kifua vinafungwa, nyayo zinakaa bapa.

Baada ya jeraha la uti wa mgongo, mifupa iliyo chini ya jeraha hupoteza uimara kwa kasi, hasa katika mwaka 1 hadi 2 wa mwanzo. Panapodhoofika zaidi ni kuzunguka goti: ncha ya chini ya mfupa wa paja na sehemu ya juu ya ugoko. Hapo hasa ndipo kizuizi cha magoti kinapokandamiza. Kwa hiyo mtu ambaye hajasimama kwa muda mrefu apigwe picha ya mifupa na aonwe na mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kunyanyuliwa hata mara moja. Asisimame kabisa mwenye mfupa uliovunjika na haujaunga, mwenye kidonda cha mgandamizo mahali mkanda au pedi itakapogusa, wala mwenye mguu mmoja uliovimba ghafla na kuwa wa moto. Mguu wa namna hiyo unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa, au una mfupa uliovunjika bila mwenyewe kusikia maumivu. Yote mawili ni ya hospitali, siku hiyohiyo.

Fizio atapima pia viungo vinanyooka kiasi gani. Goti lisilonyooka halilazimishwi na mota. Kiti kinawekewa kikomo ili kisimame kwenye nyuzi ambazo mwili unaziweza. Kisigino kisichofika chini kinawekewa kabari. Kwa Tanzania, chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, kimefundisha mafundi wa viungo bandia na viti mwendo kwa miaka mingi, na wahitimu wake wamesambaa katika hospitali za nchi jirani pia. Nairobi ipo hospitali ya rufaa ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo. Ushauri wangu ni huu: hata kama kiti umeletewa zawadi na ndugu aliye Ulaya, kikapimwe kwako na mtu wa kazi hiyo kabla hujakitumia. Kilipimwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Ukiwa umekaa, kuwe na nafasi ya vidole viwili kati ya ukingo wa kikalio na nyuma ya goti. Ekseli ambapo kiti kinakunjika iwe usawa wa goti lako, na ya nyuma iwe usawa wa nyonga. Zikipishana, kiti kinapanda kwa njia yake na mwili kwa njia yake, ngozi inaburutwa, na shati linapanda hadi kwapani. Hiyo ni dalili nzuri ya kuangalia: kama kila ukisimama na kuketi unajikuta umeteleza mbele na nguo zimejikunja mgongoni, vipimo si vyako.

Pedi ya goti ikae chini kidogo ya pia ya goti, juu ya ugoko, na iguse pande zote mbili kwa usawa. Ikikaa juu ya pia yenyewe, uzito wote unaisaga. Ikiwa mbali, unateleza na kubaki umening'inia kwenye mkanda wa kifua, na mkanda unapanda kuelekea kooni. Mkanda wa kifua upite chini ya kwapa, si tumboni, na kiganja kilicholala kiweze kupita kati yake na mwili. Viatu viwe vya kufunika mguu mzima, vyenye soli ngumu. Ndala hazifai: misuli ikishtuka na kukaza, mguu unachomoka kwenye bamba la kukanyagia wakati mwenye mguu hasikii, na kiti kinaendelea kupanda. Msaidizi awe na mazoea ya kutazama nyayo wakati wote wa kunyanyuka. Uso autazame baadaye, mwendo ukishasimama.

Toa simu, funguo na sarafu mifukoni. Mwaga mfuko wa mkojo, kisha hakikisha mpira wa mkojo haukubanwa na mkanda wala na kiungo cha kiti kinachokunjika. Hili la mpira ndilo husahaulika kuliko yote, na nitaeleza kwa nini ni kubwa.

Mara ya kwanza usisimame moja kwa moja. Panda hadi nyuzi 30 hivi, tulia dakika 2, pima presha. Panda hadi 45, tulia, pima tena. Ukifika juu, dakika 5 hadi 10 zinatosha. Siku 3 kwa wiki ni mwanzo mzuri. Ongeza dakika 5 baada ya mara mbili au tatu zilizopita bila tatizo, mpaka ufike dakika 30 hadi 60 ambazo wataalamu wengi hulenga. Kuruka hatua hakukufikishi mapema. Mtu akizimia siku ya pili, hofu inakifungia kiti stoo.

Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, ndani ya dakika 3 za kusimama, damu imetuama miguuni. Dalili zake ni kizunguzungu, macho kuingia giza, masikio kuvuma, midomo kupauka, miayo, na jibu linalochelewa unapomsemesha. Na hapa kifaa kina hila yake mbaya. Mtu wa kawaida akizimia huanguka, akalala, damu ikarudi kichwani. Aliyefungwa wima haanguki. Anabaki amesimama akiwa amezimia, na ubongo unaendelea kukosa damu. Ndiyo maana majuma ya kwanza hasimami mtu peke yake chumbani, hata kwa dakika 2, hata kama anajisikia vizuri. Dalili zikianza, mshushe akae, laza mgongo wa kiti nyuma, inua miguu. Kama kiti hakilazi, mpeleke kitandani.

Joto la pwani linazidisha jambo hili, na waliojeruhiwa juu kwenye uti wa mgongo hawatoki jasho vizuri chini ya jeraha, kwa hiyo Dar, Tanga au Mombasa asubuhi ni bora kuliko alasiri. Subiri saa 1 au zaidi baada ya mlo mkubwa. Nusu lita ya maji robo saa kabla husaidia presha kwa wengi, ila ipangwe pamoja na ratiba ya kutoa mkojo. Soksi za kubana na mkanda wa tumbo pia husaidia. Dawa za presha na za kulegeza misuli, kama baclofen, zinaweza kuishusha zaidi, kwa hiyo daktari aambiwe kwamba unaanza kusimama.

Kuna shida ya pili, na tiba yake ni kinyume cha ya kwanza. Wenye jeraha la uti kuanzia pingili ya T6 (ya sita ya kifua) kwenda juu wanaweza kupandishwa presha ghafla na kitu kinachoudhi mwili chini ya jeraha: kibofu kilichojaa, mpira uliobanwa, choo kilichokaza, mkanda uliokamata korodani, kidole kilichojikunja ndani ya kiatu. Kichwa kinagonga vibaya, uso unatoka jasho na kuiva, pua inaziba, vinyweleo vinasimama, mapigo yanaweza kwenda polepole. Namba yao ya juu ya presha kwa kawaida huwa 90 hadi 110, kwa hiyo kupanda kwa 20 hadi 40 juu ya hapo tayari ni hatari, ingawa tarakimu yenyewe, 140 kwa mfano, haimshtui muuguzi asiyejua.

Huyu usimlaze! Mketishe wima, miguu ikining'inia. Legeza mikanda yote, viatu, soksi za kubana na mkanda wa tumbo. Fuata mpira wa mkojo kuanzia mwilini hadi mfukoni kutafuta ulipojikunja. Kama hatumii mpira wa kudumu, mkojo utolewe hapohapo. Kisha angalia choo, ngozi na vidole. Pima presha kila dakika 2 hadi 5. Ikiwa 150 au zaidi na haishuki baada ya kutafuta chanzo, ni hospitali bila kungoja. Andika tofauti ya hali hizi mbili kwenye karatasi, uibandike nyuma ya kiti: amepauka na ana kizunguzungu, mlaze; ana kichwa kikali na jasho usoni, mketishe. Msaidizi aliyepaniki hakumbuki alichofundishwa mwezi uliopita.

Baada ya kushuka, kagua ngozi: mbele ya ugoko, visigino, makalio, uti wa chini, kifua. Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu kama vitabu vingi vinavyoeleza. Tafuta sehemu iliyoiva zaidi au inayong'aa, kisha pitisha mgongo wa mkono wako kusikia joto, na bonyeza kusikia ugumu. Alama isiyoondoka ndani ya dakika 30 inasimamisha zoezi mpaka pedi au mkanda urekebishwe.

Sasa kupinduka. Ukisimama, uzito wako unapanda juu na kiti kinakuwa kirefu, chembamba. Nyanyuka na shuka kwenye sakafu tambarare tu. Njia ya mteremko ipitwe ukiwa umeketi, hata kama imejengwa vizuri kwa kipimo cha sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo, yaani ngazi ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa mita 1.8. Viti vingi hupunguza mwendo vyenyewe mtu akiwa amesimama. Fundi asiombwe kuondoa kizuizi hicho. Ondoa mikeka, kausha vigae, na chunga kizingiti cha mlango. Tazama juu pia: feni, kabati lililo wazi na boriti ya mlango vilikuwa mbali ulipokuwa umekaa.

Jikoni ndiko watu hufurahia zaidi kusimama, na ndiko kwenye hila nyingi. Jiko la mkaa lililo sakafuni huchoma ugoko usiosikia. Sufuria la maji ya moto usilinyooshee mkono mbali. Vuta kiti hadi kitu kiwe mbele ya kifua chako, kisha kishike. Na zima swichi ya kiti kabla ya kuanza kukata kitunguu, kwa sababu kiwiko kikigusa kijiti cha kuendeshea, unaondoka na kisu mkononi.

Breki za viti hivi ni za umeme: ukiachia kijiti, vinashika vyenyewe. Lakini vina vipini vya kuachanisha mota na magurudumu, ili kiti kisukumwe kwa mkono. Vipini hivyo vikiwa vimefunguliwa, breki hakuna. Viangaliwe kila mara kabla ya mtu kuhamia kitini, hasa baada ya kushushwa kwenye gari.

Usinyanyuke betri ikiwa imebaki kidogo. Ikizimika uko juu, utabaki wima, na kila dakika inaongeza hatari niliyoeleza. Siku kiti kinapofika, mwombe fundi amwonyeshe msaidizi namna ya kukishusha bila umeme, na msaidizi afanye mwenyewe mbele yake, kiti kikiwa kitupu. Simu ining'inie shingoni.

Mwisho ni chaja. Soma kibandiko chake kabla ya kuichomeka. Kikisema INPUT 100–240V, sawa. Kikisema 110 au 120V peke yake, kama zile za Marekani, umeme wa 230 au 240V wa kwetu utaiunguza mara moja. Hiyo inahitaji transfoma yenye uwezo wa kuihimili. Umeme ukiwa wa kukatika na kurudi kwa kishindo, weka stebilaiza. Betri za risasi, mara nyingi mbili za 12V zilizounganishwa kuwa 24V, zichajiwe usiku mzima kila siku kiti kinapotumika, na hata kikiwekwa stoo zichajiwe walau mara moja kwa mwezi. Zikiachwa tupu hufa. Zikichoka badilisha zote mbili kwa pamoja, kwa sababu kuukuu huidhoofisha mpya. Na chaja ya betri ya risasi isitumike kwenye betri ya lithiamu, hata kama plagi inaingia.