Mama Apite Mbele: Siku Zetu Mbili Udzungwa

Katika miaka tisa ya ndoa, mimi na Baba Salma hatukuwahi kusafiri wawili peke yetu. Tulisafiri kwa misiba, kwa harusi, na kumpeleka mtoto kwa bibi yake. Mwaka jana nikamwambia: wiki ya Sabasaba Salma anabaki kwa bibi, na sisi tunakwenda mahali ambako hatuna ndugu wala shughuli.

Tulichagua Hifadhi ya Milima ya Udzungwa kwa sababu ya hesabu. Mbuga nyingi zinahitaji gari la kutembelea wanyama, na gari ndilo linalomaliza pesa. Udzungwa ni hifadhi ya miguu. Ndani ya msitu hakuna barabara za kuzungukia, kila kitu unakifuata kwa kutembea. Ukishalipa kiingilio na mwongoza wageni, kilichobaki ni pumzi zako.

Na pumzi ndizo zilizokuwa zinanitia wasiwasi. Nilijifungua kwa upasuaji, na tangu hapo mgongo wangu si ule wa zamani. Kwa wiki sita kabla ya safari nilikuwa napanda ngazi za ofisini badala ya lifti, ghorofa tano, asubuhi na mchana, na wiki mbili za mwisho nikiwa nimebeba begi lenye chupa mbili za maji. Nawasihi wanaotaka kwenda wafanye hivyo. Tambarare haikuandai kwa mlima.

Tulipanda basi la Ifakara Stendi ya Magufuli, Dar es Salaam, alfajiri. Barabara inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kwa hiyo twiga wa kwanza tuliwaona tukiwa vitini. Mjini Mikumi basi linaiacha barabara kuu na kushuka kuelekea Kidatu. Hapo joto linabadilika, na miwa inaanza kulia na kushoto. Ulikuwa msimu wa kuvuna, majivu ya miwa iliyochomwa yalikuwa yanaelea hadi ndani ya basi. Upande wa kulia mlima ulisimama kama ukuta wa kijani. Tukashuka Mang'ula, yalipo makao makuu ya hifadhi.

Jambo moja la kuzingatia: getini hawapokei pesa mkononi. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Tuliweka pesa kwenye simu mapema, na hilo lilituokolea muda.

Siku iliyofuata ilikuwa ya maporomoko ya Sanje, mita 170, maji yanayoshuka kwa ngazi tatu. Tulikuwa wanne: sisi wawili, mwongoza wageni ambaye ni kijana wa pale pale bondeni, na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu msitu ule una tembo na nyati.

Sasa niseme kuhusu mwendo wa mume wangu. Baba Salma anatembea haraka. Kariakoo nikiinua kichwa kutoka kwenye kitambaa ninachopatana bei, simwoni. Tumegombana kwa jambo hilo tangu uchumba. Na pale Sanje, njia ilipoanza tu kupanda, akatangulia. Baada ya nusu saa nilikuwa nauona mgongo wake kwenye kona, kisha siuoni. Nilikuwa nahema, na machozi yalikuwa karibu, kwa sababu niliona safari niliyoiandaa kwa miezi inakuwa kama Kariakoo.

Askari akasimama. Akamwita, "Kaka, subiri hapo." Tulipomfikia akasema kwa upole, "Humu porini tunakwenda kwa mwendo wa aliye nyuma. Mama apite mbele, sisi tutamfuata."

Nikapita mbele, nyuma tu ya askari. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba nafasi ya mtu kwenye mstari inaweza kubadilisha kifua chake, lakini pumzi zilitulia. Sikuwa namkimbiza mtu tena. Nilipotaka kusimama nilisimama, na wote wakasimama. Nikaanza kuona: mizizi mipana ya miti iliyosimama kama mbao za milango, maua madogo ya zambarau yaliyoshika kwenye miamba yenye unyevu, mwanga uliofika chini vipande vipande. Mwongoza wageni alitueleza kwamba msitu huu unapanda bila kukatika kutoka bondeni, kiasi cha mita 250 juu ya usawa wa bahari, hadi zaidi ya mita 2,000.

Na kwa kuwa nilikuwa mbele, niliwaona mapema. Kwanza nilisikia majani makavu yakipekuliwa, nikadhani ni kuku. Kisha kichwa kikainuka: nyani wa kijivu, kifua chenye rangi ya machungwa iliyopauka, mkia mrefu. Walikuwa chini, wanapekua mbegu na matunda yaliyoanguka. Mwongoza wageni akanong'ona, "Ng'olaga." Duniani kote wanaishi katika milima hii tu, na wanasayansi waliwatambua mwaka 1979, ingawa wenyeji walikuwa na jina lao zamani zote hizo. Tulikaa pale karibu robo saa. Baba Salma alikuwa nyuma yangu, mkono wake begani kwangu, na hakusema tuondoke.

Siafu walikatiza njia mara mbili. Hapo hakuna kusimama: unachomeka suruali ndani ya soksi kabla ya kuanza safari, na ukifika kwenye mstari wao unaruka na kuendelea.

Juu, maji yanatulia kwenye bwawa kabla ya kuendelea kuanguka. Ni ya baridi kali. Tuliogelea, kisha tukala mayai ya kuchemsha na chapati tulizobeba, tukiangalia bonde la Kilombero lote limetandazwa chini: mashamba ya miwa, moshi, reli ya TAZARA kama uzi. Kijana wetu alituonyesha nyumba za kijijini kwao. Akasema zamani mama yake aliruhusiwa kuokota kuni kavu msituni, na mwaka 2011 ruhusa hiyo iliondolewa. Alilisema bila uchungu, lakini nililibeba. Maji tuliyoyafurahia yanatunzwa pia na watu waliozikosa kuni.

Kushuka ndiko kugumu kuliko kupanda. Ngazi za magogo zilikuwa na utelezi, na vidole vya miguu vinasukumwa hadi mwisho wa kiatu. Vaeni raba zenye meno, kateni kucha, na ombeni fimbo. Nilishuka kwa kukaa pale palipokuwa pa kukaa. Nyuma yangu nilimsikia mume wangu akivuta pumzi kwa meno kila hatua.

Usiku ule, kwenye nyumba ya wageni, ndipo aliponiambia. Magoti yake yamekuwa yakimuuma zaidi ya mwaka mmoja. "Nikienda taratibu yanauma zaidi, Mama Salma. Nikikimbia nayasahau. Leo ulipokuwa unasimama, nilikuwa nashukuru." Miaka yote nimemhesabia kosa la kuniacha nyuma, na huu mwaka wa mwisho alikuwa anayakimbia maumivu ambayo hakutaka niyajue.

Kesho yake tulikwenda njia fupi tu, maporomoko madogo ya Prince Bernhard karibu na makao makuu, yaliyopewa jina la mgeni kutoka Uholanzi aliyefika hifadhi ilipozinduliwa mwaka 1992. Mwendo mfupi, unafaa kwa magoti. Lakini ninaoukumbuka zaidi ni ule usiku wa kwanza baada ya Sanje: mama mwenye nyumba alituletea maji ya moto yenye chumvi, tukaloweka miguu minne kwenye beseni moja, taa imezimwa, vyura wanaimba nje, na Baba Salma akinionyesha kwa kidole ni wapi hasa panapouma.