Tozo ya shule Columbus: nilivyopiga hesabu ya nyumba yangu kabla ya kupiga kura

Wengi wetu tuliopata uraia wa Marekani tukienda kupiga kura akili yote iko kwa rais, gavana na seneta. Sehemu ya chini ya karatasi, ile yenye maandishi marefu yasiyo na jina la mtu, tunaiacha tupu. Mimi naishi Columbus, Ohio, na kwa maoni yangu huko chini ndiko mfuko wa mtu wa kawaida unakoguswa zaidi. Ndiko tunakoulizwa kama tunakubali kulipa zaidi kwa ajili ya shule, maktaba, bustani, huduma za wazee au zimamoto. Walio wengi wakisema ndiyo, tozo inaingia kwenye bili ya kodi ya nyumba, na atailipa hata aliyesema hapana na hata aliyebaki nyumbani.

Kwa sisi tuliotoka Tanzania hili ni geni kabisa. Kule kodi ya majengo tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU. Unanunua umeme, shilingi zako zinapungua, basi. Kiwango kinapangwa Dodoma. Hakuna anayekuja kukuuliza wewe wa Mbagala au Tanga kama unakiafiki. Huku unaulizwa, tena mtaa kwa mtaa na wilaya ya shule kwa wilaya ya shule, lakini swali lenyewe limeandikwa kisheria mno kiasi kwamba mtu anaona heri aruke.

Mwaka 2023 mambo mawili yaligongana. La kwanza, Kaunti ya Franklin, ambamo Columbus imo, ilifanya tathmini mpya ya nyumba zote. Ohio hufanya tathmini kamili kila baada ya miaka 6, na katikati, mwaka wa 3, wanarekebisha kidogo. Safari hii bei za nyumba zilikuwa zimepaa na wastani wa ongezeko kwa makazi ulifika asilimia 41. Barua ilipokuja, nyumba yangu iliyokuwa imeandikwa dola 160,000 sasa imeandikwa dola 230,000. La pili, Novemba hiyohiyo wilaya ya shule za Columbus, kubwa kuliko zote Ohio, iliweka kwenye kura Hoja namba 11, tozo mpya ya mili 7.7 (mili ni kipimo cha kodi ya nyumba, nitakieleza mbele kidogo).

Kwenye kundi letu la WhatsApp moto ukawaka. Mmoja akaandika kwamba kodi itapanda kwa asilimia 41, halafu juu yake inakuja ya shule, tutauza nyumba. Mwingine akasambaza sauti kwamba serikali inataka kuwatoa wageni kwenye majumba yao. Mimi nina watoto katika shule hizohizo na nalipa mkopo wa nyumba ambao benki inakusanya kodi humohumo ndani ya rejesho la mwezi. Kodi ikipanda, rejesho nalo linapanda. Nikaona siwezi kupiga kura kwa kufuata sauti za WhatsApp. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: kwa nyumba hii, mimi nitalipa dola ngapi?

Nilianza na tovuti ya bodi ya uchaguzi ya kaunti. Ukiweka jina na anwani yako inakutolea karatasi ya kura ya mfano, vilevile itakavyokuwa siku yenyewe. Nikaichapisha na kuilaza mezani. Kisha nikaingia tovuti ya mkaguzi wa hesabu wa kaunti, ambaye ndiye hasa anayeweka thamani za nyumba. Unaandika anwani, inaonekana thamani, kodi ya mwaka uliopita na mgawanyo wake: kiasi gani kimekwenda shule, kiasi gani maktaba, kiasi gani huduma za afya ya akili, kiasi gani bustani. Ule mgawanyo peke yake ulinifumbua macho. Sehemu kubwa kuliko zote ilikuwa ya shule.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita ukishajua mlango wa kuingilia. Ohio haikati kodi kwenye thamani yote ya nyumba, inakata kwenye asilimia 35 yake. Na mili moja ni dola 1 kwa kila dola 1,000 za hiyo asilimia 35. Kwa hiyo nilichukua bahasha ya barua ile ya tathmini, nikaandika nyuma yake: 230,000 mara asilimia 35 ni 80,500. Gawanya kwa 1,000, unapata 80.5. Zidisha kwa 7.7. Jibu: dola 619.85 kwa mwaka, yaani karibu dola 52 kwa mwezi.

Ili kuhakiki nikapita njia nyingine. Sheria ya jimbo sasa inataka karatasi ya kura iseme wazi gharama kwa kila dola 100,000 za thamani ya nyumba. Kwa mili 7.7 hiyo ni dola 269.50. Zidisha kwa 2.3, unarudi palepale kwenye 619.85. Nilipoona namba mbili zimekutana, wasiwasi ulipungua nusu nzima. Dola 52 kwa mwezi si pesa ya kuchezea, ni vocha na mafuta ya gari, lakini ni kitu unachoweza kukipangia. Hofu isiyo na namba haipangiki.

Bado lilibaki lile la asilimia 41, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi, kwa sababu ndipo penye uvumi mwingi. Ohio ina sheria ya mwaka 1976 inayoitwa House Bill 920. Kwa ufupi inasema hivi: tozo iliyopitishwa na wapigakura haiwezi kuvuna pesa nyingi zaidi kwa sababu tu nyumba zilizopo zimepanda thamani. Thamani za wilaya nzima zikipanda, kiwango cha tozo hizo za zamani kinashushwa ili jumla ya makusanyo ibaki palepale. Nyumba yako ikipanda sawa na wenzako, kwenye tozo hizo utalipa karibu kilekile. Ikipanda kuliko wenzako, utalipa zaidi. Ikipanda kidogo, utalipa pungufu. Yangu ilikuwa imepanda karibu asilimia 44, yaani juu kidogo tu ya wastani.

Kuna sehemu moja ambayo sheria hiyo haiigusi. Sheria za Ohio zinaruhusu hadi mili 10 zinazotozwa bila kura ya wananchi, na hizo wakati ule hazikuwa zikishushwa. Thamani ilipopanda, hizo zilipanda nayo. Kwa hiyo bili ingepanda, ndiyo, lakini si kwa asilimia 41. Na Hoja 11, kwa kuwa ni mpya, ingekatwa kwenye thamani mpya tangu siku ya kwanza. Watu walikuwa wanachanganya vitu vitatu kuwa kimoja, na vyote vitatu vilikuwa vinaingia kwenye bili moja ya Januari 2024.

Nikaandika haya yote kwa Kiswahili, nikayatuma kwenye kundi. Watu wakaniomba tukutane, tukakutana Jumamosi nyumbani kwangu, chai na mandazi, kila mtu na karatasi yake ya mfano. Nilichoona pale ni kwamba mtu akishapiga hesabu ya nyumba yake kwa mkono wake, mjadala unabadilika. Hawaulizi tena kama tunafukuzwa. Wanaulizana kama shule zinastahili hiyo pesa, na hilo ndilo swali lililoko kwenye karatasi.

Jambo lingine tulilolikalia siku ile ni aina za tozo, maana wakati ule zilikuwa zinaletwa kwa sura tofauti. Kuna ya kuendeleza ile iliyopo: kiwango kilichokwisha kushushwa kinabaki kilekile. Kulikuwa na ya kuweka mpya mahali pa ile ya zamani: mili zilikuwa zilezile kwenye karatasi, lakini zilianza kukatwa upya kwenye thamani ya wakati huo, kwa hiyo ulilipa zaidi ingawa namba haikubadilika. Na kuna ya nyongeza, kama Hoja 11, ambayo ni mzigo mpya mtupu. Bustani ya wanyama ya Columbus iliwahi kuonja hili. Mei 2014 iliomba tozo yake ya mili 0.75 iwe 1.25, tena ya kudumu, wapigakura wakaikataa kwa kishindo. Mwaka 2015 ikarudi na ombi la kuendeleza ileile 0.75, ikakubaliwa. Wapigakura walikuwa wamesoma.

Papa mmoja (ndivyo Wakongo wanavyomwita baba) kutoka Uvira, Kongo, mzee wetu tunayemheshimu sana, alikuwa amekaa pembeni. Nilipomkaribisha mezani akasema, "Mwana wangu, mimi ni mpangaji. Haya ni ya wenye nyumba." Nikamwambia, "Papa, mwenye nyumba wako akilipa zaidi, mkataba ukiisha atakufuata wewe." Akafikiri kidogo, akavuta kiti. Mpangaji haoni bili ya kodi, lakini kodi iko ndani ya pango lake, na kura yake ina uzito sawa na ya mwenye nyumba kumi.

Niliwasisitizia pia, na nalirudia hapa kwa sababu ni zito: anayepiga kura ni raia tu. Mwenye green card asijiandikishe hata kama mtu amempa fomu dukani kwa nia njema. Hilo linaweza kumharibia ombi lake la uraia na hata makazi yake.

Kisha kulikuwa na mama yangu. Alifanya mtihani wa uraia kwa Kiswahili, maana sheria inamruhusu aliyefikisha miaka 55 na kuishi hapa na green card kwa miaka 15 kufanya kwa lugha yake. Kiingereza cha karatasi ya kura hakisomi. Watu wengi hawajui kwamba sheria ya taifa ya haki ya kupiga kura inampa mtu wa namna hiyo haki ya kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe, ilimradi msaidizi si mwajiri wake wala kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi. Tulikwenda kupiga kura ya mapema kwenye kituo cha kaunti, barabara ya Morse, kila mmoja na kitambulisho chake cha picha. Tulipofika kwa ofisa nikamwambia mapema kwamba namsaidia mama, akatuelekeza bila tatizo.

Nyumbani nilikuwa nimeshamsomea mama Hoja 11 neno kwa neno. Mimi nilikuwa nimeamua kusema ndiyo. Agosti 2022 walimu wa Columbus waligoma, mgomo wao wa kwanza tangu 1975, na moja ya madai yao ilikuwa madarasa yenye kiyoyozi na joto la kutosha. Wanangu wanakaa kwenye majengo hayo, na dola 52 kwa mwezi niliona ni gharama ninayoweza kuibeba. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza itakwisha lini. Nikamwambia haina mwisho, ni ya kudumu. Akasema, "Mwanangu, mimi deni lisilo na tarehe ya kuisha siliwekei sahihi." Nikamjibu, "Sawa mama, kura ni yako." Kwenye mashine nikamsomea tena, akanionyesha "dhidi", nikahakikisha ndicho kilichochapwa. Hoja yake ilikuwa nzito, na sikujaribu kuigeuza. Msaidizi anayegeuza kura ya mzazi wake amemwibia.

Hoja 11 ilipita. Bili ilipokuja niliifungua nikiwa na ile bahasha mkononi, nikatafuta mstari wa shule, na ongezeko la tozo hiyo lilikuwa lile nililoliandika. Wale waliokuwa wameshapiga hesabu walikuwa wametenga pesa mapema. Benki ilipopandisha rejesho la mwezi hawakushtuka.

Lakini kilichonifurahisha zaidi kilitokana na swali la pembeni. Mama mmoja mjane kutoka Kisumu, ana zaidi ya miaka 70, anamiliki kanyumba kake na anaishi kwa pensheni ndogo. Katika kupekua mgawanyo wa bili yake tuligundua hana punguzo la wazee. Ohio ina punguzo la makazi kwa wenye miaka 65 na kuendelea au wenye ulemavu, kwa kipato kisichozidi kikomo fulani. Kwa mwaka 2023 kikomo kilikuwa dola 36,100, na punguzo liliondoa dola 26,200 za thamani ya nyumba kwenye hesabu ya kodi. Halijileti lenyewe. Unajaza fomu DTE 105A na kuipeleka kwa mkaguzi wa kaunti. Tukaijaza palepale mezani. Lilipoonekana kwenye bili yake alinipigia simu, akaniombea dua ndefu, na mimi nikazidi kujiuliza ni wazee wangapi wa Kiswahili mjini hapa wanalipa pesa ambayo sheria ilishawasamehe.

Aliyeona tathmini imezidi thamani halisi ya nyumba yake naye ana njia: malalamiko kwa bodi ya mapitio ya kaunti, kati ya Januari 1 na Machi 31, akiwa na ushahidi wa bei za nyumba za jirani zilizouzwa karibuni. Wawili kati yetu walikwenda.

Novemba 2024 ikaja hoja nyingine, ya mabasi, Hoja namba 47. Hii haikuwa kodi ya nyumba. Iliomba nusu ya asilimia kwenye kodi ya mauzo. Safari hii Papa wa Uvira ndiye aliyesimama mezani. Alikuja na hesabu yake: senti 50 kwa kila dola 100 unazotumia, lakini Ohio haitozi kodi ya mauzo kwenye chakula cha kupika nyumbani, kwa hiyo unga na mchele haviguswi, matairi na simu vinaguswa. Yeye anapanda basi kwenda kazini usiku. Akatuuliza sisi wenye magari tunasemaje. Hoja ilipita, na tangu Aprili 1, 2025 kodi ya mauzo ya hapa imetoka asilimia 7.5 hadi 8.